Guglielmo Marconi na Njia ya Mawimbi

Utangulizi

Mwanafunzi mpenzi, fungua ramani ya Mkoa wa Pwani, uitafute miji miwili, Kibaha na Kisarawe. Kibaha iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Kisarawe iko juu ya vilima, upande wa kusini-magharibi wa Dar es Salaam, karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Miji hii haiko mbali sana mmoja na mwingine. Hata hivyo, kati yake kuna vilima, mabonde, mikorosho, miembe na nyumba nyingi zilizoezekwa kwa mabati.

Fikiri sasa kwamba wewe uko Kibaha, na shangazi yako yuko kijijini, bondeni, katika wilaya ya Kisarawe. Unampigia simu ya mkononi. Sauti yake inakuja ikikatikakatika. Shangazi anatoka nyumbani, anapanda mwinuko ulio nyuma ya shamba lake, na mara sauti yake inakuwa safi. Simu ni zile zile mbili. Watu ni wale wale wawili. Je, ni kitu gani kilichobadilika?

Kilichobadilika ni njia iliyopitwa na mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayaonekani kwa macho, wala hayasikiki kwa masikio. Hata hivyo yana njia yake, na njia hiyo yaweza kuwa njema au mbaya, kama vile barabara ya udongo ilivyo njema wakati wa kiangazi na mbaya wakati wa masika. Katika sura hii utasoma habari za mtu aliyeshughulika na njia hiyo maisha yake yote. Jina lake ni Guglielmo Marconi.

Utoto wa Marconi

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, nchini Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa Mwitalia mwenye mali na mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland. Mtoto huyu hakufika chuo kikuu. Alifundishwa zaidi na walimu waliokuja nyumbani, na somo alilolipenda kupita yote lilikuwa umeme. Huko Bologna alikuwako profesa mmoja, Augusto Righi, ambaye alichunguza mawimbi ya umeme. Marconi alipata nafasi ya kujifunza kwake.

Usidhani kwamba Marconi ndiye aliyeyagundua mawimbi hayo. Miaka mingi kabla yake, James Clerk Maxwell wa Scotland alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba mawimbi ya namna hiyo lazima yawepo. Mwaka 1888 Mjerumani Heinrich Hertz aliyaonyesha kwa majaribio. Alirusha cheche ya umeme upande mmoja wa chumba, na cheche ndogo ikaruka katika waya uliokuwa upande wa pili, ingawa waya hizo mbili hazikugusana. Huko India, katika mji wa Calcutta, mwanasayansi Jagadish Chandra Bose naye alifanya majaribio makubwa ya mawimbi hayo katika miaka ile ile ya Marconi. Ndivyo sayansi ilivyo. Inafanana na kujenga nyumba: huyu huchimba msingi, yule husimamisha kuta, na mwingine huezeka paa.

Hertz alifariki mwaka 1894. Marconi, akiwa na umri wa miaka 20, alisoma habari za kazi ya marehemu huyo, naye akajiuliza swali. Ikiwa mawimbi haya yanapita hewani bila waya, mbona yasichukue habari?

Swali hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Siku hizo simu zilipelekwa kwa waya tu. Waya zilitandazwa nchi kavu juu ya nguzo, na baharini zililazwa chini ya maji. Lakini meli iliyokuwa safarini haikuwa na waya. Ikiwaka moto au ikitoboka, mabaharia wake waliweza kufa wote, na jamaa zao wasijue walikofia.

Kilima na bunduki

Marconi alianza kazi darini, nyumbani kwa wazazi wake, mahali paitwapo Pontecchio. Alifaulu kupiga kengele iliyokuwa mbali naye bila kuiunganisha kwa waya. Kisha akatoka nje, bustanini na mashambani. Huko aligundua jambo la maana. Alipoinua waya mmoja juu ya mlingoti, na kufukia mwingine ardhini, ishara zilifika mbali zaidi kuliko awali. Waya ule wa juu ndio tunaouita eriali.

Mwaka 1895 likaja jaribio gumu. Karibu na nyumba yao palikuwa na kilima. Je, ishara ingeweza kufika nyuma ya kilima, mahali pasipoonekana? Marconi alimtuma msaidizi aende huko na mtambo wa kupokelea, akiwa amechukua bunduki. Walipatana kwamba msaidizi akiipata ishara, apige risasi hewani. Marconi akabonyeza kitufe cha mtambo wake. Punde mlio wa bunduki ukasikika kutoka nyuma ya kilima. Mawimbi yalikuwa yamekwenda zaidi ya kilometa 2.

Hapa, mwanafunzi, lizingatie jambo moja. Yule msaidizi alijua tangu mwanzo ni ishara gani aisubiri. Kwa kuwa ishara ilijulikana pande zote mbili, habari yake haikuwa na kazi yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuijaribu njia. Ishara ya namna hii tutaiita ishara ya kupimia. Likumbuke jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Kutoka mto hadi mlango wa bahari

Mwaka 1896 Marconi alikwenda Uingereza pamoja na mama yake. Aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, akapata watu wa kumsaidia katika idara ya posta. Mwezi Mei 1897 alipeleka ishara juu ya maji ya Mlango wa Bristol. Mwaka huo huo ilianzishwa kampuni ya kutengeneza mitambo yake. Mwezi Machi 1899 alipeleka habari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, mwendo wa karibu kilometa 50 juu ya bahari. Watu wakaanza kuuita ufundi huo simu ya upepo.

Sasa Marconi akataka kuvuka bahari ya Atlantiki. Wataalamu wengi walimpinga, na hoja yao ilikuwa nzuri. Walijua kwamba mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, kama mwanga. Lakini dunia ni ya mviringo. Ukiunganisha Uingereza na Newfoundland, upande wa pili wa Atlantiki, kwa mstari ulionyooka, mstari huo utapita ndani ya dunia. Katikati ya safari utakuwa na maji na ardhi juu yake kwa kimo cha zaidi ya kilometa 200. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha meta 5,895, ni kichuguu tu ukiulinganisha na mlima huo wa bahari. Je, mawimbi yangeuvuka kwa njia gani? Marconi hakuwa na jibu. Alisema moyoni kwamba jibu litapatikana kwa kujaribu.

Nukta tatu

Mtambo mkubwa wa kurushia ulijengwa Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza. Palisimamishwa milingoti 20 katika duara, kila mmoja ukiwa na urefu wa meta 60 hivi. Mwezi Septemba 1901 dhoruba iliiangusha yote. Milingoti mingine iliyojengwa Marekani nayo ilianguka mwezi Novemba. Marconi hakukata tamaa. Huko Poldhu iliwekwa milingoti miwili kwa haraka, na yeye akapanda meli kwenda Newfoundland pamoja na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget.

Huko Newfoundland hawakuwa na mlingoti hata mmoja. Ili kuuinua waya wao juu walichukua maputo na tiara, zile ambazo wewe na wenzako hurusha wakati wa upepo, ila zao zilikuwa kubwa. Puto moja lilikatika likapotelea angani. Tiara ya kwanza nayo ikachukuliwa na upepo. Tiara ya pili ikadumu, ikipanda na kushuka katika baridi kali, na waya wenye urefu wa meta 150 hivi ukining'inia chini yake.

Watu wa Poldhu walikuwa wamepewa maagizo. Kila siku, kwa saa zilizopangwa, warushe ishara moja tu, tena na tena. Ishara hiyo ilikuwa nukta tatu. Katika alfabeti ya Morse, ambayo huandika herufi kwa nukta na mistari, nukta tatu ni herufi S. Umeona sasa? Hii nayo ilikuwa ishara ya kupimia. Wa huku aliijua, na wa huko aliijua.

Tarehe 12 Desemba 1901, yapata saa sita na nusu mchana, Marconi aliweka chombo cha kusikilizia sikioni. Akasikia mikwaruzo ya hewa. Kisha, katikati ya mikwaruzo hiyo, akasikia kama milio mitatu hafifu. Akampa Kemp chombo hicho, naye akasema kwamba amesikia. Ishara ilikuwa imesafiri karibu kilometa 3,400.

Je, alisikia kweli?

Siku chache baadaye magazeti yaliitangaza habari hiyo ulimwenguni. Wako walioshangilia. Wako pia waliotia shaka, na shaka yao haikuwa ya wivu tu. Siku ile ishara haikuandikwa kwenye karatasi, bali ilisikiwa kwa sikio. Watu waliosikia walikuwa wawili tu, Marconi na mfanyakazi wake. Tena wote wawili walijua watasikia nini.

Hapa ndipo ilipo hatari ya ishara ya kupimia. Mtu anayesubiri kwa hamu nyayo za mgeni huzisikia hata pale ambapo ni upepo unaogusa majani. Radi za mbali nazo hutoa mikwaruzo katika mitambo, na mikwaruzo mitatu ikifuatana yaweza kudhaniwa kuwa nukta tatu. Hata leo wapo wanasayansi wanaobishana kama mawimbi ya mtambo ule yangeweza kufika mchana kweupe. Hakuna awezaye kurudi kwenye siku ile na kuhakikisha.

Basi mtu akitiliwa shaka afanye nini? Anaweza kukasirika na kugombana. Anaweza pia kupima upya, safari hii mbele ya mashahidi. Marconi alichagua kupima upya, na uamuzi huo ni mkubwa kuliko habari yote ya tiara.

Meli iliyopima njia

Mwezi Februari 1902 Marconi alipanda meli iitwayo Philadelphia, iliyokuwa ikienda Marekani. Safari hii mtambo wake wa kupokelea uliandika ishara kwenye utepe wa karatasi. Kadiri meli ilivyozidi kwenda mbali na Poldhu, ndivyo alivyozidi kupokea na kuandika. Maofisa wa meli walitazama karatasi hizo na kutia sahihi, pamoja na kuonyesha mahali meli ilipokuwa baharini.

Yatazame matokeo aliyoyapata:

1. Habari kamili zilisomeka hadi umbali wa karibu kilometa 2,500.
2. Herufi S pekee ilisomeka hadi umbali wa karibu kilometa 3,400.
3. Umbali huo ulifikiwa usiku. Mchana, ishara zilikoma kwenye umbali wa kilometa 1,100 hivi.

Tokeo la tatu halikutazamiwa na mtu yeyote. Mtambo ulikuwa ule ule, na bahari ile ile, lakini njia ya mchana haikuwa njia ya usiku. Mwaka huo huo wa 1902 wanasayansi wawili, Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, walitoa maelezo. Walisema kwamba juu sana angani kuna tabaka lenye chaji za umeme, nalo huyarudisha mawimbi chini, kama ukuta unavyourudisha mpira. Kwa njia hiyo mawimbi huvuka mlima wa bahari kwa kudunda. Mwaka 1924 Edward Appleton wa Uingereza alihakikisha kwa majaribio kwamba tabaka hilo lipo. Leo twajua kwamba mchana mwanga wa jua huongeza chaji katika sehemu ya chini ya anga hilo, na sehemu hiyo huyameza mawimbi kabla hayajafika juu. Usiku sehemu hiyo hupungua, na mawimbi hupita. Ndiyo sababu redio ya masafa ya kati hushika stesheni za mbali zaidi wakati wa usiku.

Faida na hasara

Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli kubwa, Titanic, iligonga mlima wa barafu katika bahari ya Atlantiki. Wapokezi wa simu wa meli hiyo, waliokuwa watumishi wa kampuni ya Marconi, waliita msaada. Meli nyingine, Carpathia, ilisikia, ikaja usiku ule ule na kuokoa watu zaidi ya 700. Watu wapatao 1,500 walikufa. Hata hivyo, bila simu ya upepo, huenda asingepatikana wa kuwaokoa hao 700.

Ufundi huo ulifika kwetu mapema. Kabla ya mwaka 1914 Wajerumani, waliotawala nchi yetu, walikuwa wamejenga vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita vilipoanza vituo hivyo viliwindwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam kwa sababu ya mnara huo. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliingia Bukoba na kukiharibu kituo cha huko. Chombo kilichowaokoa watu baharini kiliwaletea wengine mizinga. Ilikuwa hadi mwaka 1951 ndipo matangazo ya redio ya kuwafaa wananchi yalipoanza kutoka Dar es Salaam.

Simu ya mkononi hupimaje njia?

Sasa turudi kwa shangazi yako kule Kisarawe. Mawimbi yatokayo mnarani hayamfikii kwa njia moja. Mengine yanakwenda moja kwa moja. Mengine yanagonga kilima, au bati la nyumba, ndipo yanamfikia, yakiwa yamechelewa kidogo. Mengine yanapungua nguvu katika miti. Yote hayo yanafika yamechanganyika. Simu itajuaje maneno yaliyotumwa hasa?

Hutumia ufundi ule ule wa nukta tatu. Katikati ya maneno, mnara huingiza ishara za kupimia, ambazo simu inazijua tangu ilipotengenezwa. Simu huilinganisha ishara iliyofika na ile inayoijua. Tofauti iliyopo baina yake ndiyo picha ya njia. Kazi hiyo huitwa kukadiria njia ya mawimbi. Simu na minara hufanya hivyo mara nyingi katika kila sekunde, kwa kuwa mtu akitembea hatua chache tu njia hubadilika.

Tuchukue mfano mwepesi wa hesabu. Mnara na simu wamepatana kwamba ishara ya kupimia ni 12. Simu inapokea 6. Basi simu inajua kwamba njia imepunguza kila kitu hadi nusu. Likifuata neno lisilojulikana, nalo likafika likiwa 4, simu inalizidisha mara mbili na kupata 8. Neno lililotumwa lilikuwa 8.

Lakini kumbuka mikwaruzo iliyomsumbua Marconi. Mikwaruzo hiyo huongeza kidogo au hupunguza kidogo. Kwa hiyo ishara moja haitoshi. Mnara unarusha 12 mara nne, na simu inapokea 5, 7, 6 na 6. Ukizijumlisha unapata 24, na ukigawanya kwa 4 unapata wastani wa 6. Makosa ya kuzidi na makosa ya kupungua yamefutana.

Sasa utauliza, mbona mnara usirushe ishara za kupimia wakati wote, ili kipimo kiwe sahihi kabisa? Sababu ni mbili. Kwanza, kila ishara ya kupimia hukalia nafasi ya neno. Ukipima tu, hutasema kitu. Pili, hesabu hula umeme, na betri ya simu ni ndogo. Hesabu ndefu ingelimaliza chaji upesi, na jibu lingechelewa kufika.

Basi mafundi hutafuta hesabu nyepesi. Njia mojawapo ni hii. Wanapima mwanzo na wanapima mwisho, na katikati wanakadiria. Ikiwa mwanzo ishara ya 12 ilifika ikiwa 6, na mwishoni ilifika ikiwa 4, yaelekea katikati ingefika ikiwa 5. Basi neno lililofika katikati likiwa 10, lilikuwa 24 lilipotumwa. Hesabu hiyo wewe mwenyewe waweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Si sahihi kabisa, lakini inatosha kwa kazi, nayo ni ya haraka. Ikiwa njia inabadilika ghafla, makadirio hayo hukosea. Hapo hupasa kupima mara nyingi zaidi. Kazi ya fundi ni kujua kiasi kinachotosha.

Mwisho wa maisha yake

Marconi aliendelea na uchunguzi hadi uzeeni, akitumia meli yake, Elettra, kama maabara ya baharini. Hatuna budi kusema pia kwamba mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mussolini, mtawala wa mabavu wa Italia, naye akakitumikia chama hicho. Mtu aweza kuwa hodari katika sayansi na akakosea katika mambo mengine. Twajifunza kazi yake njema, lakini hatulazimiki kusifu yote aliyofanya.

Alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na umri wa miaka 63. Kwa heshima yake vituo vya redio vya Uingereza na vya nchi nyingine vilinyamaza kwa dakika 2. Anga likawa kimya kidogo, kama lilivyokuwa kabla hajazaliwa.

Mwanafunzi, kila utakapoona mtu amesimama juu ya mwinuko akiinua simu yake, kumbuka kwamba anatafuta njia njema ya mawimbi. Kumbuka pia kwamba ndani ya simu hiyo kazi ya kupima inaendelea, kwa ishara inayojulikana pande zote mbili, kama zile nukta tatu za Poldhu.

Jaribio: Kuipima njia ya sauti

Vifaa: debe tupu, fimbo, karatasi na kalamu.

1. Jigawanyeni katika makundi mawili. Kundi A libaki mbele ya darasa na debe. Kundi B liende nyuma ya jengo, mahali ambapo debe halionekani.
2. Patanani kwamba ishara ni mapigo matatu ya taratibu.
3. Mwalimu atatoa alama kwa bendera, mara kumi. Mwanafunzi mmoja asimame pembeni ili makundi yote mawili yamwone akiinua bendera.
4. Kila bendera ikiinuliwa, Kundi A huamua kwa siri ama kupiga polepole ama kutopiga kabisa. Liandike lilivyofanya.
5. Kila mmoja wa Kundi B aandike amesikia au hakusikia, bila kumtazama mwenzake.
6. Rudieni jaribio Kundi B likiwa mbali zaidi, kisha wakati watoto wengine wanacheza na kupiga kelele.
7. Linganisheni karatasi. Je, wako walioandika kwamba wamesikia wakati debe halikupigwa? Wamepatwa na jambo lile lile lililohofiwa kwa Marconi.

Maneno mapya

Eriali: waya au chuma cha kurushia au kupokelea mawimbi.
Ishara ya kupimia: ishara inayojulikana na mpelekaji na mpokeaji, nayo hutumika kujaribu njia.
Kukadiria: kupata jibu la karibu na la kweli bila kupima kila kitu.
Tiara: chombo chepesi cha karatasi au kitambaa kirushwacho kwa upepo na kushikwa kwa uzi.
Wastani: jumla ya vipimo ikigawanywa kwa idadi yake.

Maswali

1. Kwa nini msaidizi wa Marconi alichukua bunduki nyuma ya kilima?
2. Wataalamu walipinga kwa hoja gani kwamba mawimbi yasingeweza kuvuka Atlantiki?
3. Taja sababu mbili zilizowafanya watu watie shaka habari ya tarehe 12 Desemba 1901.
4. Safari ya meli Philadelphia ilitofautianaje na jaribio la Newfoundland? Eleza kwa nini ushahidi wake ulikuwa na nguvu zaidi.
5. Ishara ya kupimia ni 20. Simu inapokea 4, 6, 5 na 5. Tafuta wastani. Kisha neno lisilojulikana linafika likiwa 3. Je, lilipotumwa lilikuwa ngapi?
6. Kwa nini simu haipimi njia wakati wote bila kupumzika?
7. Tazama mahali unapoishi. Taja vitu vitatu vinavyoweza kuibadilisha njia ya mawimbi kati ya nyumba yenu na mnara wa simu ulio karibu.